Dakika Sita

Laptopu yangu ilikuwa ikiamka
kama mfungaji saa nane ya mchana:
unamwita, anakusikia, hajibu.
Nikibonyeza, diski inajikuna ndani,
tk, tk, tk,
kama mtu anayetafuta funguo mkobani gizani.
Dakika sita. Nimezihesabu kwa saa ya jikoni.
Dakika sita naweka birika, naponda iliki,
nampigia dada yangu Shinuna, aliyeolewa Salala.

Jumatatu ikagoma katikati ya cheti cha talaka
nilichokuwa nakifasiri kwa watu wa Nizwa:
mume keshatajwa, mke bado.
Nikaifunga kwa kanga, nikashuka Ruwi.

Biju, duka lake nyuma ya wauza saa,
ana Kiarabu cha bei na Kiswahili cha salamu
alichofunzwa na wateja wa kina sisi.
"Hujambo mama. Hii mzee sana."
Sikujua anamsema nani, mimi au mashine.

Akapanga kaunta kama sonara.
Moja nyembamba kama kipande cha chingamu:
"Hii inakimbia elfu tatu na mia tano kwa sekunde."
Elfu tatu na mia tano za nini?
"Megabaiti, mama."
Nikaitaka kabla sijaielewa.
Kisha akafungua mgongo wa mashine, skrubu kumi na moja,
akachungulia, akatikisa kichwa kile cha kwao
kisichojulikana ni ndiyo au siyo.
Tundu lake halimo.
Mwaka ilipoundwa, mlango huo ulikuwa haujafikiriwa.
Nikabaki nimeshika mbio nisizo na pa kuzitia.

Basi hii bapa, kiasi cha pakiti ya karata iliyopungua,
mvivu mbele ya mwenzake,
lakini kwa yule mzee wangu ni duma.

Sasa jina. La kwanza sijalisikia maishani,
riyali tisa, kibandiko kimepinda.
Mama alikuwa akisema rahisi huvunja upishi,
na alisema hivyo huku akinunua rahisi.
La pili riyali kumi na saba, dhamana miaka mitano,
karatasi yenye muhuri.
Mimi mfasiri; muhuri hunilegeza.

Na ukubwa? Terabaiti nzima au nusu?
Akiba haiozi, lakini nina nini?
Vyeti vya watu, vya kuzaliwa na vya kufa.
Picha za harusi ya Shinuna, zote mbili.
Sauti ya mama, dakika arubaini, akitaja
nani kamzaa nani, mpaka kwa mjomba aliyekwenda Burundi
asirudi; hapo anakohoa, anaomba maji,
nami nazima.
Jumla giga mia na themanini.
Miaka hamsini na miwili, na bado panabaki.
Nikachukua nusu.

"Nihamishe yote, au uanze mpya?"
Aliuliza ameshika waya, kama anayeuliza sukari.
Nikasema yote. Hata mafaili yasiyofunguka.
Hasa mjomba.

Asubuhi yake nikabonyeza,
nikageuka kuchukua birika.
Kugeuka tena, imekwisha amka,
imekaa wima kama karani mgeni,
na mke wa Nizwa anangoja jina lake.
Sekunde kumi na moja. Maji hayajaanza hata kuimba.

Nikaandika jina lake. Nikaandika la kadhi.
Cheti kikaisha kabla jua halijafika zuliani.

Saa nne simu ikalia.
"Mzima wewe leo?"
"Mzima. Laptopu imepona."
Shinuna akanyamaza kidogo.
"Basi hutakuwa na nafasi tena."
Nikakitazama kidude kile kilichonyamaza mezani.
"Ninayo," nikamwambia. "Giga karibu mia tatu."
Hakucheka.
Akaanza kunieleza habari za bomba la jikoni kwake,
linavyovuja, tone kwa tone,
nami nikashusha kifuniko
nimsikilize.